Namna ya Kugundua Glakoma Mapema Kijijini
Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulibaini glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Kwa kuwa mara nyingi haiumi na huanza kufifisha uoni wa pembeni, mtu hugonga fremu ya mlango huku mbele akiona vizuri. Ukifikisha miaka 40, hasa ikiwa mzazi au ndugu yako wa damu anaugua, nenda kwenye kliniki ya macho, uombe kupimwa presha ya ndani ya jicho na kuchunguzwa mshipa wa fahamu wa jicho. Usiichanganye na mtoto wa jicho, anayeondolewa kwa upasuaji: uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, na matone uliyoandikiwa huwekwa kila siku, hata usipohisi nafuu.