Seleri ya kiazi: kutoka ukubwa wa ndimu hadi kilo moja

Mwaka wa kwanza nilivuna seleri za kiazi kumi na mbili, na zote zikaenea kwenye kofia yangu. Nilipozimwaga mezani, mke wangu akazigeuza geuza akaniuliza, "Baba Neema, ndimu hizi umenunua wapi?"

Iliniuma, kwa sababu mimi ni mtoto wa Lushoto. Baba alilima karoti, kabeji na liki, mizigo ikipandishwa kwenye lori la Dar usiku, na mimi nimeshika jembe kabla sijashika kalamu. Sasa naishi Leipzig, mji wa Ujerumani ambao ndio chimbuko la jina la bustani hizi za kukodi wanazoziita Schrebergarten. Sheria yao inaruhusu hadi mita za mraba 400. Yangu ni kama nusu ya hapo, nyuma ya reli. Nilidhani mboga ni mboga tu. Seleri ya kiazi ikanionyesha kwamba ugenini hata mkulima huanza darasa la kwanza.

Kwa asiyeijua: ni ndugu wa ile seleri ya mabua, ila hii inavimba pale shina linapokutana na mizizi. Nje ina ngozi ya kahawia yenye mikunjo kama goti la tembo, ndani nyeupe, na harufu yake inajaza jiko zima. Wajerumani huiuza kipande, ikiwa imefungwa pamoja na karoti na liki kwa ajili ya supu. Kipande! Mimi nilitaka kichwa kizima.

Kabla ya yote, elewa kwamba mboga hii haina haraka, na haisamehe ukiisimamisha njiani. Kuanzia mbegu hadi mavuno ni zaidi ya miezi sita. Ikipata kiu wiki mbili, au ikipigwa na baridi ikiwa changa, haifidii tena. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuhakikisha haikwami.

Mbegu nazisia mwisho wa Februari, ndani ya nyumba, kwenye trei dirishani juu ya hita. Ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya 2,000, kwa hiyo usipige chafya. Usizifukie. Zinahitaji mwanga ili ziote, basi zibonyeze tu juu ya udongo laini, nyunyiza maji kwa chupa ya dawa ya vioo iliyooshwa vizuri, kisha funika na mfuko wa plastiki unaoonyesha. Joto liwe karibu nyuzi 20. Zinachukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mwaka mmoja nilikata tamaa siku ya kumi na sita nikamwaga trei kwenye mboji. Siku nne baadaye mboji ikaota seleri.

Miche ikitoa majani mawili ya kweli, ihamishie kila mmoja kwenye kikopo chake. Ukiwa na haraka ya kuipeleka nje, jizuie. Mche ukikaa siku nyingi mfululizo kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, unadhani majira ya baridi yamepita, na badala ya kunenepa unapandisha bua la maua. Wazee wa hapa wanasubiri zipite zile siku za baridi ya mwisho za Mei, tarehe 11 hadi 15, wanazoziita Watakatifu wa Barafu. Nilikuwa nawacheka. Siku hizi mimi mwenyewe sipandi kabla ya tarehe 16.

Sasa kina cha kupanda, ndiko nilikoharibu kabisa. Kabeji unaifukia hadi karibu na majani ili isimame imara, nami nikafanya vivyo hivyo. Bibi jirani, ambaye amelima upande wa pili wa ua tangu kabla ya ukuta wa Berlin kuanguka, alinitazama msimu mzima bila kusema neno. Siku ya kuvuna ndipo aliponieleza: ukiifukia, inatoa mizizi pembeni kila mahali, inakuwa na ndevu badala ya kichwa. Panda juu juu. Udongo wa kikopo ulingane na udongo wa shamba, na ule moyo wa katikati, yanapochipukia majani, uwe wazi kabisa. Mche utalegea kidogo siku za mwanzo, uache hivyo. Kati ya mche na mche acha sentimita 40 kila upande. Utaona nafasi ni kubwa mno, na utashawishika kuchomeka saladi katikati. Chomeka, lakini iwe imetoka ifikapo Julai.

Udongo wenyewe upate mboji iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila mita ya mraba, nami naichanganya tangu vuli. Usipande mahali palipokuwa na karoti au kotimiri mwaka uliopita, maana ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja.

Halafu maji. Mababu wa mmea huu waliota kwenye vinamasi karibu na bahari, na Leipzig si kinamasi. Kiangazi hapa ni kikavu, na mvua ya Julai hukulowesha shati tu. Safu yangu ya miche kumi na miwili inachukua kama mita mbili za mraba, nami naipa keni mbili za lita kumi kila baada ya siku moja, asubuhi, chini kwenye shina. Ukimwaga juu ya majani jioni, unaalika madoa ya kahawia, na majani yakifa kichwa nacho kinadumaa. Baada ya kumwagilia natandaza nyasi zilizokatwa, unene wa vidole vitatu. Matandazo hayo yamenipunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote, ingawa koa, wale konokono wasio na gamba, wanayapenda vilevile. Nawaokota usiku kwa tochi.

Kila wiki mbili kuanzia Juni naongeza mbolea ya maji: majani yanayowasha yaliyo kando ya reli, yaliyolowekwa kwenye pipa wiki mbili, kisha lita moja kwa lita kumi za maji. Inanuka, majirani wanajua. Kuanzia Agosti nabadilisha, natumia mbolea yenye potasiamu nyingi, kwa sababu nitrojeni ikizidi unavuna msitu wa majani. Ukikata kichwa ukakuta ndani pana uwazi wenye weusi, mara nyingi ni upungufu wa madini ya boroni, na chokaa ikizidi huzidisha tatizo. Nunua mbolea iliyokwisha kuchanganywa. Boroni si kitu cha kukisia kwa kijiko.

Kuna ubishi kuhusu majani. Wengi watakuambia uyachume ya pembeni ili nguvu ishuke chini. Nilijaribu: miche sita niliichuma kuanzia Julai, sita nikaiacha. Ile niliyoiacha iliishinda mingine kwa macho tu, bila mzani. Jani ndilo jiko, huwezi kuvunja jiko ukategemea ugali. Sasa naondoa yaliyogeuka manjano peke yake.

Na usikate tamaa mwezi wa Agosti. Ukichungulia utaona kitu kama yai. Septemba, wakati wenzako wameshang'oa nyanya na kukunja mipira ya maji, wewe endelea kumwagilia. Ndipo inaponenepa. Mwaka jana ya mwisho kabisa ilifika kilo moja na gramu 150. Aina niliyopanda ni Monarch, yenye ngozi laini kidogo. Prager Riesen nayo hukua vizuri. Moja sikuipima: niliivuta ikaja majani matupu, panya wa chini ya ardhi alikuwa ameila yote kutoka chini.

Ng'oa mwisho wa Oktoba kwa uma wa bustani. Sakitu nyepesi inaivumilia, baridi kali haiivumilii. Kata majani, bakiza kishungi kidogo katikati, kung'uta udongo bila kuosha, kisha panga kwenye kreti la mchanga wenye unyevu kidogo, chumba cha chini chenye baridi. Zangu hufika hadi Machi.

Majani nakausha kwa supu. Kichwa kinachemshwa, kinapondwa pamoja na viazi nusu kwa nusu, kinapigwa kitunguu saumu, pilipili mbuzi na ndimu, kinakuwa katlesi. Ndimu ya kweli, safari hii.