Somo: Kujenga tangi kubwa la samaki la kioo nyumbani (futi 5), kwa wote mnaonifuata inboksi

Wakuu, habari za jioni.

Naandika mara moja tu. Kuanzia leo atakayenitumia ujumbe "mkuu nitumie kioo cha unene gani" namtupia huu uzi na kuendelea na shughuli zangu. Tangi tunalojenga lina urefu wa sentimita 150, upana 50, kimo 60. Likijaa ni kama lita 400. Ukitaka dogo zaidi, hatua ni zilezile. Ukitaka lenye kimo zaidi ya hapo, usitumie vipimo vyangu.

Hatua ya 1: Mahali. Lita 400 za maji ni kilo 400. Vioo vyenyewe vinakaribia kilo 100, mchanga na mawe kilo 50 na ushee, bado stendi. Kwa jumla ni kama kilo 600 kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu ya chini yenye zege haina neno. Ghorofani weka ubavuni mwa ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya sebule, na uliza mhandisi kwanza, kwa sababu sakafu za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Usiweke panapopigwa na jua, utafuga mwani badala ya samaki.

Hatua ya 2: Unene wa kioo. Milimita 12, pande zote na sakafu. Kinachoamua unene kwanza ni kimo cha maji, halafu urefu wa kioo. Upana hauna habari. Ukiongeza kimo mara mbili, msukumo kwenye kioo cha mbele unapanda mara nne. Kwa tangi hili kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200, usiku na mchana, miaka yote utakayokuwa nalo. Chukua kioo cha kawaida. Kile cha milango ya maduka, kinachovunjika punje punje, hakikatwi wala hakitobolewi, kwa hiyo ukikuta kipande cha bei poa usinunue.

Hatua ya 3: Kukata. Mpe fundi vipimo hivi kwenye karatasi, usimtajie kwa mdomo:
Sakafu 150 x 50, kimoja.
Mbele na nyuma 150 x 60, viwili.
Ubavu 47.2 x 60, viwili.
Mikanda ya juu 146.5 x 6, viwili.
Daraja la katikati 47 x 15, kimoja.
Hizo 47.2 si makosa ya uandishi. Ni 50, toa unene wa vioo viwili, toa milimita 2 za silikoni kila upande. Kuna fundi atakwambia "weka 47.6 iingie vizuri". Mkatalie. Mwambie pia apige msasa kingo zote, na kabla hujalipa pima pembe kwa pembe: vioo vya mbele na nyuma vikitofautiana hata milimita 2 virudishe.

Hatua ya 4: Stendi. Skwea paipu ya inchi moja na nusu, miguu sita, pilaiwudi ya milimita 18 juu, kisha lile foma jeupe linalofungiwa TV, sentimita 2. Pima usawa kwa pima maji kila upande. Ikiyumba, rekebisha sasa, si siku ya kujaza.

Hatua ya 5: Usafi. Futa kingo na sentimita 3 za ndani kwa asetoni au spiriti safi, kitambaa kisichoacha nyuzi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, nyingi zina mafuta. Ukishafuta, usiguse kwa kidole.

Hatua ya 6: Kuunga. Hapa someni taratibu.

Silikoni iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki ikianza kukauka. Isiwe ya bafuni yenye dawa ya ukungu, hiyo inaua samaki, na baya zaidi nayo inanuka siki, kwa hiyo pua haitoshi, soma maandishi ya kwenye tyubu. Isiwe akriliki ya kuzibia nyufa za ukuta. Angalia tarehe ya mwisho. Nunua tyubu nne, ikibaki ibaki.

Matangi mengi yanaharibikia kwenye kukandamiza. Mtu anaweka silikoni nzuri kabisa, anasimamisha kioo cha kilo 27, halafu anakibonyeza kwa nguvu zote "kishike". Silikoni yote inatoka pembeni, kioo kinakutana na kioo, katikati panabaki utando usio na maana. Silikoni inafanya kazi kwa sababu inavutika. Ikiwa haina unene, haina cha kuvutika. Tangi la namna hiyo linaweza kukaa miezi bila kutoa hata tone, halafu siku moja usiku unasikia maji chini ya kochi. Kwa hiyo pachika ile misalaba ya plastiki ya mafundi vigae, ya milimita 2, ncha tu iingie kwenye kiungo kwa upande wa nje, moja kila sentimita 30. Kioo kikae juu yake kwa uzito wake. Kesho yake unaichomoa na kuziba vitundu.

Mpangilio: bandika masking tepu pembeni ya kila kiungo kwa ndani. Piga mstari wa silikoni mnene kama penseli, usiokatika, simamisha kioo cha nyuma. Halafu mbavu mbili, mwisho cha mbele. Kila mstari piga pale tu kioo kinapokuwa tayari mikononi, kwa sababu silikoni hii hukauka kwa unyevu wa hewani, na kwa joto la Dar inaweza kuota ngozi ndani ya dakika tano. Ikishaota ngozi haishiki tena kioo. Fanya usiku au alfajiri, feni zima isikuletee vumbi, na muwe wawili. Hii kazi ya peke yako usiianze. Vioo vikishasimama vyote, fungia tepu pembe za nje, piga mstari mwingine kwenye kona za ndani, sawazisha kwa kidole mara moja tu, vua masking tepu kabla haijakauka. Usirudie kidole.

ONYO: silikoni mpya haishiki vizuri silikoni iliyokwisha kukauka. Tangi likivuja, kupaka juu yake ni kujidanganya. Unakwangua yote kwa wembe hadi kioo kitupu.

Hatua ya 7: Mikanda. Kesho yake unga mikanda miwili kwa ndani, mbele na nyuma, sentimita 3 chini ya ukingo. Daraja linakaa juu yake katikati. Hii inazuia vioo kufura tumbo. Maji yasifike kwenye mikanda.

Hatua ya 8: Subiri siku saba. Silikoni inakauka kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, na viungo vyetu vina upana wa milimita 12. Kisha jaza nje ya nyumba, juu ya stendi yake: theluthi, lala, theluthi mbili, lala, ijae, siku mbili. Weka gazeti kavu chini kuzunguka kote. Gazeti halidanganyi.

Maswali yaje.

-----

chapa_ilale: Mkuu nina vioo vya dirisha vya mm 5 vilibaki kwenye ujenzi, vinafaa?

Hatua ya 2.

chapa_ilale: Nimesoma ila nilikuwa naangalia nikiunga viwili viwili iwe mm 10

Vioo viwili vya 5 vilivyopakwa silikoni katikati havigeuki kuwa kioo cha 10, kila kimoja kinapinda kivyake. Tengeneza kabati la vyombo, ndugu.

Mama Zai: Hongera kwa somo kaka. Gharama yote ni shilingi ngapi?

Bei ya kioo inabadilika dada, na kila duka lina yake. Nenda na ile karatasi ya hatua ya 3 kwa mafundi vioo watatu, Kariakoo au hata hapo mtaani kwako, utapata jibu la kweli kuliko la kwangu.

Mzee wa Tabata: Umesahau kuwaambia kuhusu lile tangi lako lililolowesha kapeti ya mama mkwe.

Hatua ya 6, ile aya ya kukandamiza, umeisoma? Unadhani niliitoa wapi. Tuendelee na somo.

kambale_mtoto: Tangi ninalo tayari, nimejaza jumamosi nikaweka samaki 15, wamekufa wote jumanne. Silikoni ina sumu?

Ulitumia silikoni gani, ulisubiri siku ngapi, maji ya wapi?

kambale_mtoto: Silikoni kama yako, wiki nzima. Maji ya bomba

Basi silikoni haina kosa. Kwanza klorini: maji ya bomba yaache wazi saa 24 huku pampu ya hewa inapiga, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Pili, hilo tangi halikuwa na bakteria. Samaki wanatoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa naitreti, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga kwenye filta. Anza na samaki wawili au watatu wagumu, ulishe kidogo sana. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi, muombe kipande cha sponji chafu ya filta yake, kiweke kwenye yako, unaokoa wiki kadhaa. Na ukisafisha filta, tumia maji ya tangi lenyewe, si ya bomba.

Mtoto wa Ujiji: Shikamoo mkuu. Mimi nimekulia Kigoma, nataka samaki wa ziwani kwetu, wale wa kwenye mawe. Dar maji yake yatawafaa? Na hili tangi linawatosha?

Marahaba. Swali zuri hili. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati) inayokaribia 9, na watu wa Dar tuna bahati: mawe ya matumbawe na vipande vya makombe ya baharini yanayeyuka taratibu, yanapandisha pH na ugumu wa maji. Yaoshe hadi yasitoe chumvi. (Huohuo uzuri ni sumu kwa wenye samaki wa Amazon kama neoni, msiige.) Futi 5 inatosha kundi la Tropheus, samaki wa kwenye mawe, lakini hao wanakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao mrefu. Usiwape nyama wala chakula kizito, wanavimba tumbo na kufa. Weka kundi kubwa, kuanzia 12, wakiwa wachache mbabe mmoja anawamaliza. Ukitaka kitu cha kukaa na kukitazama, tafuta wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, hata sentimita 5 hawafiki. Mimi nawaona bora kuliko samaki yeyote wa rangi: kila mmoja analilinda gamba lake, na anachimba mchanga kulizika libaki tundu tu.

Mtoto wa Ujiji: Asante sana. Sasa wakichimba hivyo mawe hayaanguki?

Yanaanguka, na yanapasua kioo. Mawe yanatangulia, mchanga baadaye. Tandika karatasi ya plastiki ngumu juu ya kioo cha sakafu, panga mawe hadi yatulie, ndipo umwage mchanga kuyazunguka.

fundi_njombe: Huku baridi. Hita wati ngapi kwa lita 400?

Wati moja kwa lita, kwa hiyo hita mbili za 200, moja kila mwisho. Ikiharibika moja, nyingine inashikilia hadi ununue. Zizime kabla ya kupunguza maji, hita ikibaki nje inapasuka.

Mama Zai: Na umeme ukikatika usiku kucha?

Pampu ya hewa ya betri dada, ile ya wavuvi. Usiwalishe siku hiyo. Na filta ya mkebe ikikaa imezimwa saa nyingi, mwaga maji yaliyomo ndani kabla ya kuiwasha, yameshaoza.