Kadi ya zamani ya besiboli: ipelekwe kupimwa au iuzwe ilivyo?

Januari 2021, kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 yenye picha ya mchezaji Mickey Mantle, namba 311, iliuzwa kwa dola milioni 5.2. Ilikuwa kwenye kasha la plastiki la PSA, kampuni inayopima hali ya kadi na kuipa gredi kati ya 1 na 10; hii ilikuwa na gredi 9. Agosti 2022 kadi nyingine ya toleo hilohilo, safari hii kwenye kasha la SGC, kampuni nyingine ya upimaji, na gredi 9.5, ikafikia dola milioni 12.6 kwenye mnada wa Heritage. Nusu pointi peke yake haikuleta tofauti yote hiyo: kadi ya pili ilikuwa na historia inayojulikana tangu ilipotoka kwenye shehena maarufu aliyoinunua mfanyabiashara wa kadi Alan Rosen miaka ya 1980. Hata hivyo, namba iliyoandikwa juu ya kasha ndiyo kitu cha kwanza ambacho mnunuzi hutazama, na mara nyingi ndicho anacholipia.

Mimi hununua na kuuza kadi hizi hapa Marekani. Waswahili wenzangu wanaozikuta kwenye mauzo ya vitu vya majumbani huniuliza swali moja: nizipeleke kupimwa? Nyingi hazistahili gharama hiyo. Hivi ndivyo ninavyoamua.

Hatua ya 1: Jua nani anapima

PSA ilianza mwaka 1991 na ndiyo yenye nguvu kubwa sokoni. SGC ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na wakusanyaji wa kadi za kabla ya Vita Kuu ya Pili wanaiheshimu sana. Februari 2024, Collectors, kampuni mama ya PSA, iliinunua SGC, lakini kila moja bado ina kasha lake na wateja wake. BGS ya Beckett inaweza pia kutoa alama nne ndogo, kama za kona na kingo, pamoja na gredi kuu, nayo ina nguvu zaidi kwenye kadi mpya.

Kwa kadi za Topps na Bowman za miaka ya 1950 na 1960, mimi hutumia PSA, kwa sababu kadi ileile yenye namba ileile kwa kawaida huuzika ghali zaidi ikiwa kwenye kasha lao. Sababu kubwa ni orodha yao ya mashindano ya seti: wakusanyaji hushindana nani ana seti yenye wastani wa juu, na kadi isiyo kwenye kasha linalokubalika haiwasaidii kitu. Ndiyo maana mtu yuko tayari kulipa mara tatu ili atoke gredi 8 aende 9, ilhali kwa macho ya kawaida kadi hizo mbili ni pacha.

Hatua ya 2: Hakikisha ni halisi na haijaguswa

Hapa usiharakishe. Chukua rula, lenzi ya kukuzia mara kumi, na taa ndogo ya mwanga wa zambarau, ile inayotumika kukagulia noti.

Anza na vipimo. Kadi ya Topps ya 1952 ni karibu milimita 67 kwa 95. Kuanzia 1957 Topps walihamia milimita 64 kwa 89. Kadi ndogo za T206, seti iliyowekwa kwenye pakiti za tumbaku, zilizotoka kati ya 1909 na 1911, ni karibu 37 kwa 67. Mashine za zamani hazikukata sawasawa, kwa hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida. Kinachotia shaka ni ukingo mmoja uliong'aa na kunyooka huku mingine mitatu imechakaa: huo umekatwa upya ili kona zionekane kali.

Kisha zima taa za chumbani na uimulike kadi. Karatasi za kabla ya katikati ya miaka ya 1940 hazikuwa na kemikali za kung'arisha weupe. Kadi inayodaiwa kuwa ya 1933 ikiwaka samawati nyeupe, imechapishwa baadaye. Mwisho, tumia lenzi kutazama maandishi. Kwenye nakala nyingi za kisasa, hata herufi nyeusi zimejengwa kwa vidoti vya rangi; kwenye kadi halisi, kwa kawaida ni wino mmoja uliojaa.

Kadi iliyokatwa hurudi bila namba, ikiwa na neno la kuthibitisha uhalisi tu, au hukataliwa. Wapimaji nao hukosea. Kadi ya T206 ya mchezaji Honus Wagner ambayo PSA waliipa gredi 8 mwaka 1991, ya kwanza kabisa kupimwa nao, ilikuwa imekatwa kingo. Bill Mastro, dalali wa minada aliyewahi kuimiliki, alikiri jambo hilo katika kesi yake ya ulaghai mwaka 2013. Miaka sita kabla ya hapo ilikuwa imenunuliwa kwa dola milioni 2.8. Kwa hiyo hata kadi iliyokwisha kuwekwa kwenye kasha, itazame kama haina kasha.

Hatua ya 3: Toa gredi mwenyewe, na uwe mkali

Pima pambizo kwa milimita, uone kama picha imekaa katikati. Ikiwa kushoto ni 3 na kulia ni 2, uwiano ni 60 kwa 40. Kwa kiwango cha PSA, gredi 8 huvumilia hadi karibu 65 kwa 35 upande wa mbele, na gredi 7 hadi 70 kwa 30. Kwa hiyo kushoto 4 na kulia 2 tayari imeikosa 8, hata kama kona zake ni kali kama wembe. Kadi nzuri isiyokaa katikati PSA wanaweza kuipa 8 na kuongeza herufi OC, yaani haijakaa katikati, na wanunuzi wengi huilipia kama ya gredi mbili chini. Unapojaza fomu unaweza kuomba isiwekewe herufi. Watashusha namba badala yake.

Sasa iinamishe kadi chini ya taa kali, polepole, pande zote. Unatafuta mkunjo. Mikunjo mingine haionekani ukiitazama kadi moja kwa moja, na hiyo ndiyo inayowavunja watu moyo barua pepe ya matokeo inapofika. Mkunjo unaoonekana kwa kawaida huishusha kadi hadi 4 au chini yake, hata kama mengine yote ni safi. Tazama nyuma pia: doa la chingamu, alama ya kalamu, mabaki ya gundi ya albamu.

Andika gredi unayoitarajia, halafu punguza moja. Hesabu zako zote zifanye kwa hiyo iliyopunguzwa.

Hatua ya 4: Tafuta bei zilizolipwa

Bei anazoomba muuzaji hazina maana. Kwenye eBay chuja matokeo yabaki yaliyouzwa tu, na uandike bei tatu au nne za karibuni kwa kila gredi kuanzia 3 hadi 7. Fungua pia takwimu za PSA zinazoonyesha kadi ngapi zimepimwa katika kila gredi. Zisome kwa tahadhari, kwani kadi iliyotolewa kwenye kasha na kupelekwa tena inaweza kuhesabiwa mara mbili.

Uhaba ukiwa mkubwa, gredi hupungua nguvu. Agosti 2022 kadi nyingine ya Wagner, yenye gredi 2 tu ya SGC, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Hapo mnunuzi alilipia uhakika kwamba kadi ni halisi. Kwa kadi maarufu zilizochakaa, ile ya mchezaji Babe Ruth iliyotolewa na kampuni ya Goudey 1933 kwa mfano, hiyo ndiyo faida halisi ya kasha, nazo mimi huzipeleka hata nikitarajia 1.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuseme kadi isiyopimwa inauzika dola 80, kupima pamoja na posta na bima ni dola 40, na tovuti unayouzia inakata asilimia 13 ya bei. Ukiiuza ilivyo, unabaki na dola 70 hivi. Ikirudi na 4 na kuuzwa 110, unabaki na 56: umepata hasara ya 14. Ikirudi na 5 na kuuzwa 150, unabaki na 90, faida ya 20 baada ya kusubiri wiki nyingi. Ikirudi na 6 na kuuzwa 240, unabaki na 169.

Kadi kama hiyo naipeleka ikiwa tu, baada ya kupunguza moja, bado naiona ni 6. Kumbuka pia kwamba PSA hutoza kulingana na thamani ya kadi. Ikirudi na gredi inayoipa thamani kubwa kuliko uliyotaja kwenye fomu, wanaweza kukuongezea ada.

Hatua ya 6: Funga na utume

Usiifute kwa kitambaa wala usinyooshe kona. Itie kwenye mfuko laini wa plastiki, kisha kwenye kishikizo cha plastiki kinachopinda kidogo, si kile kigumu. Weka kati ya vipande viwili vya kadibodi, piga picha pande zote mbili, na ukate bima.

Hatua ya 7: Kasha likirudi

Linganisha namba ya cheti na tovuti ya kampuni, na uhakikishe jina na mwaka viko sawa. Ukiona gredi ni ya chini mno, omba wairudie kuipima, lakini usivunje kasha la kadi ya zamani kwa hasira: plastiki ikipasuka vibaya hukwaruza kona, na unapoteza uthibitisho uliokwisha kuulipia. Ukiuza, piga picha namba ya cheti ionekane vizuri. Kadi ya maelfu ya dola ipeleke kwenye nyumba ya mnada, na kabla ya kusaini uliza kamisheni yao. Za chini ya hapo zinauzika vizuri eBay kwa bei isiyobadilika, ukiwa tayari kupokea ofa.