Mwenge wa ufito mrefu: kuwasha moto wa kambi bila kuusogelea

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeongoza kikosi cha skauti hapa Tanga alinijia akiwa hana nyusi. Alikuwa amemwagia petroli lundo la kuni, akainama na kiberiti, na moto ukamrukia kabla njiti haijagusa ukuni wowote. "Mwalimu," aliniuliza, "hivi hakuna namna ya kuuwasha nikiwa mbali?" Namna ipo, na wala haihitaji betri wala nyaya. Tulitengeneza mwenge wa ufito mrefu pamoja naye, nami naandika hapa jinsi tulivyofanya.

Petroli haimo katika mwongozo huu. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ambayo sisi wa pwani hatujawahi kuiona, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ya kuni na kuizunguka miguu ya mwashaji. Mafuta ya taa ni mapole zaidi, kwa sababu huhitaji kupashwa joto hadi nyuzi 38 au zaidi kabla mvuke wake haujatosha kushika moto. Lakini dumu lililoachwa juani mchana kutwa linaweza kufikia joto hilo, kwa hiyo liweke kivulini na mbali na mahali pa moto.

Hatua ya kwanza: mpini. Tafuta ufito mkavu, ulionyooka, wa mita 2.5 hivi. Watu wengi hukimbilia mwanzi kwa kuwa ni mwepesi, nami siupendi: hewa na unyevu uliofungiwa kati ya pingili hupata joto na kuupasua kwa mshindo. Mbele ya ufito funga kipande cha nondo ya milimita 8 chenye urefu wa mita moja, kwa waya wa kufungia nondo, huku theluthi yake ikiwa imelala juu ya ufito. Ncha ya mbele ikunje irudi nyuma kama ndoana.

Hatua ya pili: kichwa cha mwenge. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza usiku mzima. Nilichukua shati kuukuu nililolidhani la pamba, nikalizungusha kwenye nondo isiyo na ndoana, nikalifunga kwa kamba ya katani, maana katani huku kwetu haikosekani. Kamba iliungua kabla sijafika nusu ya njia, bonge lote likateleza na kuanguka kwenye majani makavu, na shati, ambalo kumbe lilichanganywa na poliesta, likawa linadondosha matone yanayowaka kila nilipojaribu kulisukuma pembeni. Saa mbili nzima tulipiga majani kwa matawi ya mwembe, na wimbo wa kambi haukuimbwa.

Kwa hiyo kwanza pima kitambaa. Chomoa uzi mmoja, uwashe mahali salama: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali uzi wa plastiki hunywea na kuacha shanga ngumu. Kwangu mimi hakuna kitu kinachoshinda kanga ya pamba iliyochakaa, iliyofuliwa miaka mingi hadi ikawa laini. Ichane vipande vya upana wa vidole vinne, uvizungushe kwa kuvikaza kama bandeji juu ya ndoana, na kila baada ya mizunguko mitatu au minne pitisha waya, ukiukaza kwa koleo. Ukifikia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, acha. Likitingishwa kwa nguvu na likacheza hata kidogo, fungua uanze upya; mimi humtingishia kila mwanafunzi mbele ya macho yake, naye hukasirika, lakini hufungua.

Kati ya kichwa na ufito, toboa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga na ukivike kwenye nondo, ukikizuia kwa waya pande zote mbili. Kazi yake ni kukinga mafuta yasitiririke kuelekea mikononi.

Kisha chovya kichwa katika mafuta ya taa kwa dakika kumi, ukitoe, ukiminye kwa kijiti, na ukining'inize juu ya kopo mpaka tone la mwisho lidondoke na lisifuatwe na jingine. Wasio na subira huruka sehemu hii, na mwenge wao hudondosha moto njia nzima. Mafuta yaliyobaki yarudishwe kwenye dumu, dumu lifungwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kiberiti.

Hatua ya tatu: kuni. Sitaeleza namna ya kuzipanga, kila kikosi kina mtindo wake. Acha tu tundu la upana wa shibiri moja na nusu upande unaotoka upepo, liingie mpaka katikati, na humo ndani jaza makumbi makavu ya nazi na vibanzi vya mvinje. Mwenge bora hauwezi kuokoa lundo lililofungwa kila upande.

Hatua ya nne: kuwasha. Fyeka majani pande zote, weka ndoo mbili za mchanga na moja ya maji, na watu wote wakae nyuma yako. Mpe mwenzako ufito aushike kwa ulalo, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko mikono, nawe uwashe kwa njiti ndefu. Ukiuinua juu kama askari wa gwaride, mafuta hushuka kuelekea kwako. Ukiuelekeza chini kabisa, mwali hupanda mpini. Upepo ukiwa mgongoni, tembea taratibu, ingiza kichwa ndani ya tundu na uhesabu hadi thelathini. Moto ukishika, rudi kinyumenyume huku ukiuchomoa, na ukizike kichwa ndani ya ndoo ya mchanga. Kikae humo hadi asubuhi, kwa sababu pamba huendelea kufukuta ndani kwa ndani hata mwali ukiisha, na nondo huunguza kiganja muda mrefu baada ya kuacha kuwa nyekundu.