Spika inalia na kukatika? Badilisha mkia, usikimbilie koili

Jumamosi mzee mmoja wa kanisa aliteremka kutoka Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, na spika ya inchi 15. Inalia, inanyamaza, ukigusa koni, ile karatasi ya mbele inayotikisika, inalia tena. "Fundi, koili imeungua," yaani ule waya uliozungushwa nyuma ya koni. Nikamwambia, mzee wangu, tupime kwanza.

1. Weka mita kwenye kipimo cha omu. Spika ya omu 8 husoma kama 6. Sukuma koni taratibu. Namba ikipotea na kurudi, mara nyingi koili ni nzima. Kilichokatika ni mkia, ule waya laini unaotoka kwenye terminali, pale waya za nje zinapofungwa, kwenda kwenye koni.

2. Weka alama ya chanya, ng'oa mkia.

3. Tafuta mkia wa kweli. Ndani una nyuzi za kitambaa zilizozungushiwa utepe mwembamba wa shaba, ndiyo maana unakunjika bila kuchoka upesi. Besi ya hezi 50 huutikisa mara 180,000 kwa saa. Waya wa taa hapo ni kujidanganya. Mimi nanyofoa kwenye spika mbovu za soko la Mbuyuni. Ukiwa na ukijani au weusi, achana nao, lehemu haitashika.

4. Lehemu. Hapa ndipo nilipoaibika zamani. Nilijaza lehemu ikang'aa, Jumapili kwaya ikafika ubeti wa pili, kimya! Lehemu ilikuwa imepanda ndani ya mkia kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Sehemu iliyolowa ikakakamaa, mkunjo wote ukaangukia mpakani, shaba ikakatika palepale.

Kwa hiyo bana mkia kwa koleo ndogo karibu kabisa na kiungo ili chuma kinywe joto. Pasi ya kulehemu iguse sekunde mbili, basi. Kisha pinda kwa kidole: ukikuta ugumu umepita kiungo, kata urudie. Juzi nimerudia mara tatu, mzee anasinzia kwenye benchi. Na ile dawa ya kulehemu yenye asidi ya mafundi bomba isikaribie. Mabaki yake hunyonya unyevu na kula shaba, na Kibosho ukungu haukosi.

Acha mkia ulegee. Koni ikisukumwa hadi mwisho usikaze, ikirudi usipige karatasi.

5. Tone la gundi ya mpira pale mkia unapoingia kwenye koni. Supaglu hapana, inakakamaa kama lehemu.

6. Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni ikiruka nje, funga boksi. Ikiingia ndani, umegeuza mikia.