Somo: Kuchapisha utafiti wa pombe kutoka Mombasa bila kurudishiwa andiko

Nimechoka kujibu swali hili moja moja kwa simu, kwa hivyo naliandika hapa mara moja. Swali huja hivi: "Nishamaliza kuhoji watu, sasa jarida lataka barua ya maadili, niipate vipi?" Hupati. Kamati ya maadili haitoi kibali cha kurudi nyuma, na hakuna mhariri makini atakayekubali andiko lisilokuwa nacho. Ukishakusanya data bila kibali, data hiyo si ya kuchapisha. Waliobaki tuendelee.

Hatua ya 1. Peleka protokali (mpango wa utafiti wako), hojaji na fomu ya ridhaa kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya. Huku Pwani zipo, si lazima ukimbilie Nairobi. Fomu iwe kwa lugha ya wanaohojiwa. Kama wahoji Wagiriama wazee, Kiswahili cha chuo hakitoshi.

Hatua ya 2. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, ambayo ni takwa la sheria ya 2013. Kisha ruhusa ya idara ya afya ya kaunti na ya kituo chenyewe. Angalia tarehe ya kibali kuisha, maana siku uliyohoji watu kibali kikiwa kimekufa itaonekana.

Hatua ya 3. Inawahusu wanaojaribu dawa au tiba tu. Sajili jaribio kabla mshiriki wa kwanza hajaingia, si baada. Daftari la Afrika, PACTR, latosha. Wahariri walio chini ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, wamelishikilia sharti hili tangu 2005 na hawasikii udhuru. Kwa dawa, Bodi ya Famasia na Sumu nayo ina kibali chake.

Hatua ya 4. Ridhaa. Hapa soma polepole.

Andiko letu la wanywaji wa pombe ya mnazi lilirudi na swali moja la mhakiki: mlijuaje kwamba aliyetia sahihi alikuwa na akili timamu? Sisi tulikuwa tumeandika "washiriki wote walitoa ridhaa", basi. Na ukweli ni kwamba tuliwahoji mangweni, pale panapouzwa na kunywewa mnazi, jioni, watu washachangamka. Hakuna sentensi ambayo ingeweza kuiokoa data ile.

Kwa hivyo nenda asubuhi. Mangwe ya saa tatu asubuhi si mangwe ya magharibi, na hata mnazi wenyewe si ule: uliogemwa alfajiri ungali mtamu, wa jioni ushachacha. Ukishamsomea mtu fomu, mwulize akueleze kwa maneno yake: utafiti huu wahusu nini, akikataa atanyimwa nini, aweza kujitoa lini. Akikosea, mweleze tena. Akikosea tena, mshukuru na mpange siku nyingine, kisha uandike kwenye daftari kwamba umemwahirisha. Idadi ya walioahirishwa huingia kwenye makala, na wahakiki huipenda kuliko unavyodhani. Kipimo cha pumzi kikiwepo kitumie, lakini usikiegemee peke yake. Mnywaji wa miaka mingi aweza kuwa na kiwango cha juu na akakujibu sawasawa, na mwingine akapotea kwa glasi mbili.

Onyo la kwanza: usimwambie mnywaji wa kila siku "kesho njoo bila kunywa hata tone". Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla waweza kuleta kutetemeka, degedege na kuweweseka, na watu hufa kwa hilo. Tunachotafuta ni mtu anayeelewa, si mtu mkavu. Protokali itaje ni nani atamwangalia mshiriki akianza kutetemeka mbele yako, na atapelekwa wapi.

Onyo la pili: usiingie na naibu chifu. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, isiyo na leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya 2010, na watu wakimwona chifu wanaona msako. Watakubali kila utakachosema ili uondoke, na hiyo si ridhaa.

Hatua ya 5. Vipimo. Usiandike "chupa" ukaishia hapo. Kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 8 za pombe halisi Uingereza, 14 Marekani, na mwongozo wa AUDIT, hojaji ya unywaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), umechukua 10. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20, yaani vipimo viwili vya WHO ndani ya chupa moja. Ukihesabu chupa kuwa kipimo kimoja, alama zako za AUDIT zitashuka na baadhi ya waliofikia 8, alama ya kuanza kuonyesha hatari, wataonekana wako salama. Mnazi hauna lebo. Pima sampuli na uandike saa iliyonunuliwa.

Hatua ya 6. Siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mji wetu huu, mtu kujulikana kwamba anywa kwaweza kumvunjia ndoa. Usimhoji barazani kwake. Na nauli ukiituma kwa M-Pesa, simu yako imeshaweka orodha kamili ya majina na nambari za washiriki ambao makala yadai hawajulikani. Toa taslimu kidogo ya kutosha matatu, au uieleze kamati namna utakavyoilinda orodha hiyo.

Hatua ya 7. Nani amelipa. Tangu Makubaliano ya Farmington ya 1997, wahariri wa majarida ya uraibu wamekubaliana kudai chanzo cha fedha na mgongano wa maslahi vitajwe. Kampuni ya bia ikikulipia hata tiketi ya mkutano, itaje. Mwaka 2018 NIH, shirika la utafiti wa afya la serikali ya Marekani, lilisimamisha jaribio kubwa la unywaji wa kiasi baada ya kubainika kwamba fedha za kampuni za pombe zilitafutwa kwa mazungumzo ya mapema na kampuni zenyewe.

Hatua ya 8. Kutuma. Jarida moja kwa wakati mmoja. Jina la kamati, nambari na tarehe ya kibali viingie ndani ya makala, si kwenye barua tu. Jaza orodha ya mambo ambayo makala lazima iyataje: ya STROBE kwa hojaji, ya CONSORT kwa majaribio. Waandishi wawe wale waliofanya kazi, wakaandika au kuhariri, wakaidhinisha na watakaojibu makala ikihojiwa. Mkubwa wa idara aliyekupa ufunguo wa ofisi anashukuriwa mwishoni.

MASWALI

Kijana wa Mishomoroni: Mkubwa, mimi data ninayo tayari, watu kibao. Nasikia kuna jamaa Nairobi anatoa hizo barua kwa siku mbili. Una nambari yake?

Mwandishi: Soma aya ya kwanza. Barua ya kughushi ni jinai, na wahariri huiandikia kamati kuuliza. Mimi usinitaje popote.

Muuguzi Likoni: Ahsante mwalimu. Wangu wako wodini, wamelazwa kuachishwa pombe, siku za mwanzo wako kwenye diazepam, ile dawa ya kutuliza. Ridhaa niichukue lini?

Mwandishi: Swali zuri hili, dada. Usiichukue siku ya kulazwa. Subiri hadi atulie, na anayeamua kwamba ametulia awe daktari asiyekuwa kwenye utafiti wenu. Kisha urudi siku moja baadaye umwulize tena kama bado yuko nawe, maana aliyesema ndiyo akiwa na usingizi wa dawa huenda hakumbuki. Jambo jingine: wewe unayempa dawa usiwe ndiye unayemwomba. Mgonjwa hamkatalii muuguzi wake. Mtume mwenzako wa wodi nyingine, na kwenye makala mtaje nani aliomba na nani alipima utimamu.

Bwana Makadara: Mbona wakataza pesa za kampuni? Sisi wanyonge tutafanya utafiti na nini?

Mwandishi: Sikukataza. Nimesema "itaje". Jarida lenye masharti makali zaidi litakuambia kwenye ukurasa wa maelekezo yake, na huko ndiko kwa kulalamikia.

Binti Kongowea: Nimepata barua pepe ya jarida, waniita profesa, wasema makala itatoka baada ya siku nne nikilipa. Mimi ni mwanafunzi wa diploma.

Mwandishi: Hongera profesa. Futa. Jarida la bure kusoma lisilomo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo yaliyokaguliwa, liulize maswali mengi kabla ya kulipa. Mengi ya maana yana msamaha wa ada kwa watafiti wa nchi kama yetu, ila uombe kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa.

Muuguzi Likoni: Na ile sampuli ya mnazi, mwaisafirisha vipi? Mgema wangu yuko Mtwapa.

Mwandishi: Barafu tangu pale pale mnazini. Ukiiacha joto yaendelea kuchacha njiani, na maabara itapima pombe ambayo mshiriki hakuinywa.

Mzee wa Maabara: Niongeze. Msifunge kifuniko hadi mwisho, gesi huipasua chupa. Legezeni kidogo, chupa isimame wima, na msijaze hadi shingoni. Nimeshafuta povu la kutosha kwenye friji.

Binti Kongowea: Mgema akikataa kuuza asubuhi je?

Mzee wa Maabara: Atauza. Mwambie tu mapema wewe si mkaguzi wa kaunti, na chupa uje na yako.