SOMO: Kurudisha uhai kwenye vijito vya milimani vilivyoharibiwa na asidi

Wadau, somo hili ni la wanaosimamia kijito cha mlimani chenye maji maangavu lakini kisicho na konokono wala samaki. Chanzo mara nyingi ni moshi wa makaa ya mawe uliosafiri mamia ya kilomita, ukashuka kama mvua ya asidi kwenye udongo mwembamba wa graniti, usio na kalisi ya kutosha kuizimua.

Hatua ya 1: Pima siku mbaya. Siku tulivu kijito kinaweza kuonyesha pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya 6.5. Ikinyesha mvua kubwa, au theluji ikianza kuyeyuka, inaweza kushuka chini ya 5 kwa saa chache, na saa hizo ndizo zinazoua. Asidi hung'oa alumini udongoni, alumini huganda kwenye matamvua ya samaki, naye hukosa pumzi na kupoteza chumvi za mwili. Wastani wa mwaka hautakuonyesha hayo. Nenda na kipimo maji yakiwa yamejaa.

Hatua ya 2: Tazama wadudu. Simama kijitoni, wavu uwe upande maji yanakoelekea, vuruga mawe kwa mguu, kisha mimina ulichonasa kwenye trei nyeupe. Lava wa Baetis (mdudu wa majini ambaye akikomaa huruka) ni wembamba, wana mikia mitatu na huchomoka kwa kasi. Hawa hawavumilii asidi. Ukikuta lava wa Leuctra tu, mdudu mwingine wa majini, wenye mikia miwili, asidi bado ipo hata kama kipimo cha asubuhi ile kilikufurahisha.

Hatua ya 3: Tia chokaa. Tumia unga wa mawe ya chokaa. Chokaa iliyochomwa iache kabisa, maana hupandisha pH ghafla na kuunguza viumbe. Norway wana mashine zinazotia unga huo mtoni. Mto Mandalselva ulianza kutiwa 1997, na samoni waliokuwa wametoweka wakarudi. Chunga makutano: maji yaliyotiwa chokaa yakichanganyika na kijito chenye asidi, alumini huwa kali zaidi kwa muda kabla haijatulia. Na usimwage chokaa kwenye mboji ya kinamasi yenye mimea ya Sphagnum (kuvumwani wa kinamasi), mimea hiyo itakufa.

Hatua ya 4: Ardhi. Misonobari hunasa uchafu wa hewani kuliko nyasi. Iondoe ukingoni, na ziba mitaro inayokausha mboji.

MASWALI

*Mwalimu, pH yetu haijashuka chini ya 6 hata kwenye mvua kubwa. Mbona konokono hawaji?*
Wadudu wenye mabawa huruka kutoka bonde la jirani. Konokono na vijikamba vya Gammarus hawana njia hiyo, hivyo huchelewa sana. Maji hupona kabla ya viumbe.

*Chokaa tutaacha lini?*
Mvua kubwa zikipita bila chokaa na Baetis wakabaki. Chokaa ya mtoni hutibu maji tu. Udongo ulipoteza kalisi kwa miongo mingi. Ndiyo maana huko Hubbard Brook, Marekani, mwaka 1999 watafiti walimwaga unga wa wolastoniti (madini yenye kalisi) kwa helikopta juu ya bonde zima la msitu.

*Tupandikize vifaranga vya trauti (samaki wa maji baridi) sasa?*
Hapana, ndugu. Kwanza angalia kama trauti wapo chini ya kijito na kama kuna kizuizi njiani. Kama njia iko wazi na chakula kipo, watapanda wenyewe.